Asha wa Kihindi si Asha wa pwani

Dada, hongera kwa ujauzito. Nimekuelewa: mumeo Mgujarati anataka binti aitwe Asha, na mama yako anauliza imekuwaje Wahindu wakachukua jina la Kiislamu. Hawajalichukua. Ni majina mawili yaliyogongana.

Asha wa mumeo ni neno la Kisanskriti, āśā, yaani tumaini. Silabi zote mbili huvutwa, kama "Aashaa". Hadi leo neno hilo limo kwenye Kihindi na Kigujarati cha kila siku, na kinyume chake ni nirasha, kukata tamaa. Mwimbaji Asha Bhosle, aliyezaliwa 1933, ana jina hilohilo. Asha wa pwani ni Aisha wa Kiarabu, mwenye maana ya aliye hai. Shuleni tulikuwa na mmoja wa kila aina, mwalimu akiita "Asha!" wanasimama wote wawili.

Mimi ningelichukua. Mweleze tu mama yako maana yake mapema, kabla hajalisikia kwa majirani. Ila muulize mama mkwe kama wanafuata nyota ya kuzaliwa, maana baadhi ya familia za Kihindu huchagua herufi ya kwanza kwa nyota hiyo, na hapo mwenye neno ni kuhani wao.

Halafu kuwa makini na fomu ya cheti cha kuzaliwa. Karani akiandika Usha, hilo ni jina jingine kabisa, lenye maana ya alfajiri. Soma kabla ya kusaini. Kurekebisha baadaye ni usumbufu.