Kabla hujabadilisha mtutu: raifo ya dukani inapiga vizuri kiasi gani?

Kamwene wadau. Naanza na jibu ili asiye na muda aondoke nalo: raifo yako kama ilivyotoka kiwandani, bila kugusa mtutu wala kitako wala triga, inapiga vizuri kuliko wewe. Mimi pia yangu inanizidi. Huku kwetu nyanda za juu watu wakishaangalia video mbili tatu za Wamarekani wanaanza kuulizia mtutu mnene na kitako cha plastiki, wakati bunduki yenyewe hawajawahi kukaa chini wakaipima kwa utulivu wajue inapiga vipi.

Naongelea raifo za bolti, zile unazovuta kishikio kwa mkono kutia kila risasi, zenye leseni, zile ambazo watu wa Iringa na Mbeya wanazo kwa ajili ya kuwinda kwa kibali au kuhangaika na nguruwe pori shambani. Mimi natumia CZ ya .308 (hizo namba ni saizi ya risasi, CZ na Brno ni majina ya viwanda) na ya pili ni Brno ya .22 ya zamani, zote mbili hakuna fundi aliyewahi kuzibadilisha kitu.

Tuelewane kwanza kwenye kipimo. Wapiga shabaha wanatumia MOA, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya digrii moja. Kwa mita 100 inakuwa kama sentimita 2.9, kwa 200 inakuwa 5.8, kwa 300 ni 8.7, inapanuka hivyo kadri unavyosogea. Unapiga risasi zako kwenye karatasi alafu unatafuta matundu mawili yaliyoachana zaidi, unapima katikati ya hili mpaka katikati ya lile, huo ndo ukubwa wa kundi lako. Kundi kukaa kulia au juu sio tatizo la bunduki, hiyo ni skopu (darubini ya kulengea), utaisogeza baadae kliki kwa kliki, kwa kuzungusha vifundo vyake. Kwanza angalia matundu yanakaa pamoja au yametawanyika, maana matundu yaliyotawanyika hakuna kliki itayakusanya.

Sasa namba. Raifo ya kisasa ya bolti na risasi za dukani, tegemea kati ya MOA 1 na 2, yani sentimita 3 mpaka 6 hivi kwa mita 100. Bunduki za kijeshi kama AK na SKS mara nyingi ziko kwenye 3 mpaka 5, hazikutengenezwa kwa kazi ya kutoboa karatasi. Gobore tuliache kwanza.

Kuna viwanda vinaahidi kabisa. Weatherby wa Marekani wanasema risasi 3 ndani ya inchi 0.99 kwa yadi 100, Tikka za kule Finland nazo zina ahadi ya risasi 3 ndani ya MOA 1. Ni ahadi za kweli, sio maneno ya sokoni, ila zisome vizuri, hasa hiyo ya Weatherby: risasi tatu, mtutu uwe wa baridi, na risasi zenyewe ziwe za daraja la juu. Hapo kwenye tatu ndo watu wanadanganyana sana. Hesabu yake iko wazi, bunduki ile ile na mpigaji yule yule, kundi la risasi 10 kwa wastani linakuwa kubwa kama mara 1.6 ya kundi la risasi 3. Kwahiyo ile bunduki ya sentimita 2.5 anayojisifia mwenzio, ukimwambia apige kumi inakuwa ya sentimita 4, na hakuna kilichoharibika, ndo ukweli wake siku zote. Alafu mtu anapiga makundi ya tatu tatu mchana kutwa, anapiga picha lile dogo kuliko yote analirusha kwenye grupu la WhatsApp, mengine kayakunja kayatia mfukoni.

Najua risasi ni hela na kumi kwa mkupuo inauma. Njia ninayotumia ni hii: kila nikienda kulenga napiga tatu tu mtutu ukiwa baridi, nalenga nukta ile ile, kwa karatasi zilizochapwa sawasawa, natunza karatasi. Zikifika tatu au nne nazipanga moja juu ya nyingine dirishani kwenye mwanga, nukta juu ya nukta, na matundu yote nayahamishia kwenye karatasi ya juu kwa peni. Hapo unaona bunduki yako na wewe mwenyewe kwa pamoja, siku ya baridi, siku ya jua, siku umekunywa chai nyingi mkono unatetemeka. Kwa mwindaji hiyo karatasi ina maana kuliko kundi lolote la siku moja, kwasababu porini unapiga risasi ya kwanza na mtutu wa baridi, hakuna nguruwe atakayekusubiri upashe moto.

Na je hiyo MOA 2 inatosha? Eneo la moyo na mapafu la nguruwe pori chukulia kama sentimita 15. Pembezoni mwa mahindi unapiga mita 60, 80, mara chache 100. Bunduki ya MOA 2 kwa mita 80 inatawanya chini ya sentimita 5. Hata kwenye mashindano, shabaha ya kimataifa ya mita 300 ile duara ya kumi ina kipenyo cha sentimita 10, bunduki inayoshika MOA 1 kikweli inaingia humo ndani. Kwahiyo mtu wa Mafinga anayetaka kubadilisha mtutu ili aue nguruwe kwa mita 70 mi naona ana hela za kuchezea tu.

Ila bunduki nzima haimaanishi itapiga vizuri bila kukaguliwa, na huku kwetu kuna mambo mawili yanaziua, barabara na unyevu.

Barabara ni skrubu. Bunduki ikisafiri nyuma ya pikapu kwenye vumbi na makorongo, skrubu za pete za skopu zinalegea kidogo kidogo, na zile mbili za chini zinazoshika chuma na kitako nazo hivyo hivyo. Mtu analeta bunduki "imeharibika", inatawanya kama sahani ya ugali, unakaza skrubu inarudi. Kaza kiasi, sio kwa hasira, ukizidisha unaminya bomba la skopu. Alafu chukua rangi ya kucha ya mke wako, chora kamstari kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye pete, siku mistari ikiachana utajua skrubu imezunguka. Na skopu yenyewe, ukinunua ya bei ya kutupa kwa bunduki ya .308 usitegemee itahimili kile kishindo, bunduki itasingiziwa bure.

Unyevu ni habari ya vitako vya mbao. Huku mvua ni moja lakini ndefu, inaanza Novemba mpaka Aprili huko, na kama uko Mufindi kwenye chai kuna siku ukungu hauondoki kabisa. Mbao inakunywa maji inavimba, inasogea mpaka inaugusa mtutu, na mtutu ukishaguswa upande mmoja hautikisiki sawasawa kila risasi, kundi linahama au linafunguka. Ndo maana bunduki uliyoilenga vizuri mwezi wa kumi, Februari inapiga pembeni. Chukua noti ya elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao, ivute kutoka mbele kuelekea kwenye chemba, pale nyuma risasi inapokaa. Ikipita mpaka mwisho basi mtutu uko huru. Ikikwama, usikimbilie msasa! Kuna raifo kiwandani wameacha makusudi kivimbe cha mbao pale mbele kinachousukuma mtutu juu kidogo, hicho ni sehemu ya mpango wao, ukikikwangua umejiharibia. Unachotafuta ni kugusa kwa upande mmoja au sehemu isiyo na mpangilio, na dawa ya kwanza ni kuikausha ndani pole pole mbali na moto, na mbao ya ndani ikishakauka ipakwe mafuta isinywe maji tena.

Kuna na mdomo wa mtutu. Ule ukingo wa mwisho kabisa risasi inapotokea ndo kitu cha mwisho kuigusa, ukiwa na kovu upande mmoja gesi inatoka upande huo kwanza na risasi inayumba. Kwahiyo acha kusimamisha bunduki mdomo chini kwenye sakafu ya gari yenye mchanga, na ukisafisha ingiza fimbo kutokea nyuma kwenye chemba kama bunduki yako inaruhusu. Mafuta yafute kabla ya kupiga, maana mtutu uliojaa mafuta risasi ya kwanza mara nyingi inaenda kivyake.

Haya, risasi. Kama una hela ya kubadilisha kitu chochote, badilisha risasi. Kila mtutu una chakula chake, hata bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza zisikubaliane. CZ yangu inapenda za greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), naziona kwenye sentimita tatu na nusu hivi kwa risasi tano, nikitia za 150 za kampuni nyingine inafunguka mpaka sita na zaidi na kundi lote linahama mahali. Hakuna aliyegusa bunduki hapo. Jaribu aina mbili tatu, kwa vibali vyako halali, ikipatikana inayokaa vizuri angalia namba ya toleo kwenye boksi na uchukue za toleo hilo hilo kama zipo. Na usichanganye, eti boksi hili limebaki nne na lile tatu unazitia pamoja.

Mitutu ya kuwindia ni myembamba ili bunduki isiwe nzito, kwahiyo inapata moto haraka. Baada ya tatu au nne mfululizo pumzika, shika mtutu kwa kiganja, kama huwezi kuuacha mkono hapo basi subiri. Ukilazimisha utaona matundu yanaanza kupanda au kusogea na utadhani bunduki imekufa.

Upepo nao. Mtu wa Makambako sihitaji kumweleza upepo ni nini. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukitoka ubavuni unaisogeza risasi ya .22 kama sentimita 10 au zaidi kwa mita 100, wakati ya .308 kwa umbali huo inasogea kama 2 tu. Na cha ajabu, .22 zile za spidi kubwa zinasukumwa na upepo zaidi kuliko za spidi ya kawaida, kwahiyo kwa kulenga karatasi nunua za kawaida. Ila hewa nyepesi ya milimani isikupe kisingizio. Kutoka Mafinga juu kule mpaka kushuka bonde la Usangu hewa inabadilika kweli, lakini kwa mita 100 au 200 tofauti yake ni ndogo, huwezi kukosa nguruwe ukasema ni mwinuko.

Tunabaki na wewe. Ukipima bunduki kaa kwenye meza imara, egemeza ile mbao ya mbele juu ya kiroba chenye mchanga au pumba, usiegemeze mtutu wenyewe hata siku moja, na chini ya kitako weka kifuko kingine unachokiminya kwa mkono wa kushoto kupandisha na kushusha. Hapo ndo unaipima bunduki. Ukitoka mezani ukapiga goti, kundi lile lile linaweza kuwa mara mbili au tatu, na ukisimama bila kuegemea ni vurugu tupu, na hakuna mtutu wa kununua utakaoponya hilo. Egemea mti, huku misitu ya Sao Hill miti hatujakosa, au tembea na fimbo tatu zilizofungwa juu.

Mazoezi ya bure kabisa ni kupiga kavu. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, kagua chemba kwa macho na kwa kidole, rudia kukagua, elekeza kwenye ukuta salama, lenga nukta, vuta triga taratibu uone msalaba wa skopu unaruka au unatulia. .308 za kisasa hazina shida na hilo, ila Brno na .22 nyingine za zamani usizifanyie, ile pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Triga ikiwa nzito angalia kwanza kitabu cha bunduki, nyingi zinarekebishika, na CZ kadhaa zina triga ambayo ukiisukuma mbele inakuwa laini sana kwa risasi hiyo moja.

Sehemu ya kupigia iwe ya kibali na nyuma ya shabaha kuwe na ukuta wa udongo mrefu, sio kichaka. Risasi ndogo ya .22 inaenda zaidi ya kilomita moja, ya .308 inafika mbali zaidi ya hapo, na nyuma ya kila kichaka cha huku kuna mtu anapalilia.

Ukishafanya hayo yote, skrubu zimekaa, noti inapita, mdomo wa mtutu mzima, umejaribu risasi aina tatu juu ya viroba, skopu umebadilishana na ya rafiki kuthibitisha, na bado kumi zinatawanyika zaidi ya sentimita 9 kwa mita 100, hapo sasa ndo uende kwa fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, sio wa kuchomelea mageti. Mwambie aanze na kusafisha shaba iliyoganda ndani ya mtutu, alafu aangalie ule ukingo wa mdomo. Mtutu mpya aje kuutaja mwisho kabisa, na kabla hajaugusa mpite polisi na kitabu chenu cha leseni, kwasababu namba zilizoandikwa humo ni za bunduki uliyonayo sasa hivi.