Maswali ya Wasomaji: Darubini ya Kutazamia Wanyama Ukiwa Melini

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Wasomaji wanajiandaa kwa safari za meli za kutazama nyangumi, ndege wa baharini na wanyama wa nchi za barafu, na wanataka kujua wanunue darubini gani. Zinazofanana tumeziunganisha.

Ndugu mhariri, mimi na mke wangu tumekata nafasi kwenye meli ya kutazama nyangumi. Muuzaji anatushauri tuchukue 12x50 kwa kuwa "inavuta zaidi". Rafiki yetu anasema 8x42 inatosha. Namba hizi zina maana gani, na tumsikilize nani?

Msikilizeni rafiki yenu. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni kipenyo cha kila lenzi ya mbele kwa milimita. Kioo cha 12x50 kinaweza kuwa kizuri kabisa. Shida ni mahali mtakaposimama. Darubini haimkuzi nyangumi peke yake. Inakuza pia mtetemo wa mikono, mtikisiko wa injini unaopanda kutoka sakafuni, na kila yumbo la meli. Nchi kavu watu wengi huweza kuishika 10x ikatulia. Melini, 12x ya kawaida hukuonyesha mgongo unaorukaruka ndani ya duara, na jicho huambulia kidogo kuliko lingeambulia kwa 8x iliyotulia.

Sasa gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Kwa 8x42 unapata milimita 5.25, nao ndio upana wa mwali wa mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho. Mchana wa jua mboni yako hufunguka milimita 2 au 3 tu, kwa hiyo utasema mwali mpana hivyo ni wa nini. Faida ya kwanza ni alfajiri na magharibi, mboni inapopanuka. Faida ya pili ndiyo ya baharini: meli ikienda mrama, darubini husogeasogea mbele ya macho, na mwali mpana huiachia mboni nafasi ya kuhama bila picha kuzimika. Ile 10x25 ndogo ya mfukoni ina mwali wa milimita 2.5. Ukiyumba kidogo, giza.

Jambo la tatu ni upana wa mwonekano, ambao huandikwa kwa mita katika umbali wa mita 1000. Darubini nyingi za 8x42 hutoa mita 130 hadi 145, za 10x42 mita 105 hadi 115, na za 12x50 mara nyingi hazifiki 100. Mtengenezaji akiandika kwa nyuzi, zidisha kwa 17.5: nyuzi 8 ni mita 140. Pomboo hujitokeza kwa sekunde moja au mbili kisha akazama. Mwenye uwanja mpana humdaka. Mwenye uwanja mwembamba hufika pale maji yamekwisha kujifunga.

Mkihofia uzito, 8x32 ni mbadala mzuri: huwa na gramu 450 hadi 600, ilhali 8x42 huwa 600 hadi 800, na mwali wake wa milimita 4 bado unafaa. 7x50 ya mabaharia hutulia sana na ina mwali wa milimita 7, lakini hukaribia kilo moja, na nyingi hurekebishwa kila jicho peke yake. Hiyo ni sawa kwa kutazama taa za bandari. Ndege anayekujia kwa kasi hatakusubiri uzungushe upande mmoja, kisha wa pili.

Na mmesema ni ninyi wawili: nunueni mbili. Darubini moja kwa watu wawili maana yake kila mmoja ataipokea ikiwa imewekwa kwa macho ya mwenzake.

Nimeona darubini zenye betri zinazotuliza picha. Ni mchezo wa wauzaji au zinafanya kazi kweli?

Zinafanya kazi, na melini ndipo zinapostahili uzito wake kuliko mahali pengine popote. Ndani yake mna vihisi vinavyopima mwendo wa darubini, kisha prizimu (kipande cha kioo kinachogeuza njia ya mwanga) au lenzi ndogo husogezwa upande wa pili ili picha isihame. Ukibonyeza kitufe, 12x inatulia kiasi cha kuhesabu makovu kwenye pezi la nyangumi.

Lakini zijue mipaka yake kabla hujatoa fedha. Zinafuta mtetemo wa mikono na wa injini. Yumbo pana la meli nzima bado utalifuata kwa kiuno na magoti. Nyingi zina lenzi ndogo za mbele, kwa mfano 12x36, ambayo mwali wake ni milimita 3 tu, hivyo jua likizama hufifia mapema. Baadhi hazikujengwa kuzuia maji kabisa, basi soma maelezo ya aina yenyewe wala usikisie. Kwenye baridi betri huisha haraka: weka za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri zikiisha, unabaki na 12x ya kawaida iliyo nzito.

Kama fedha ni za darubini moja tu, tungenunua 8x42 nzuri kabla ya darubini ya betri ya bei ya chini.

Navaa miwani. Kila darubini ninayojaribu naona kama nachungulia kwenye bomba. Nivue miwani?

Usivue. Melini utaona mtoko wa maji wa nyangumi kwa macho matupu kwanza, na ukianza kuvua na kuvaa miwani, mnyama amekwenda. Tatizo lako ni umbali wa jicho, yaani nafasi kati ya lenzi ya jicho na pale mboni inapotakiwa kukaa ili ione duara lote. Darubini fupi kwenye kipimo hiki huwa na milimita 10 au 12, na kioo cha miwani kinaila nafasi yote hiyo. Tafuta milimita 16 kwenda juu, na kama fremu yako imekaa mbali na uso, 18.

Usiiamini namba peke yake. Hupimwa kutoka kwenye kioo, na mara nyingi kioo kimezama milimita 2 au 3 chini ya ukingo wa vikombe vya macho, yaani pete zinazozunguka lenzi za jicho. Zungusha vikombe vishuke hadi mwisho, weka darubini juu ya miwani, kisha tafuta ukingo mweusi wa duara. Ukiuona mkali pande zote, inakufaa. Usipouona, ijaribu nyingine.

Asiyeona mbali au karibu tu anaweza kutazama bila miwani, maana gurudumu la kurekebishia hufidia. Mwenye jicho lenye mpindo usio sawa hana njia hiyo. Miwani ibaki usoni.

Dukani nitakuwa na dakika chache tu. Nikague nini?

Ishike darubini kama sentimita 30 kutoka usoni, uielekeze kwenye ukuta mweupe au anga, kamwe si kwenye jua. Utaona vidoa viwili vya mwanga kwenye lenzi za jicho. Viwe duara kamili. Vikiwa na pembe zilizokatwa au kivuli cha kijivu ukingoni, kwa kawaida prizimu ni za kioo cha aina ya BK-7 badala ya kile bora cha BaK-4, na ukingo wa picha utakuwa hafifu.

Geuza sasa utazame taa ikiakisiwa kwenye lenzi za mbele. Mwakisi hafifu wa kijani au zambarau ni dalili ya tabaka nyembamba zilizopakwa kupunguza mwakisi. Mwakisi mweupe mkali maana yake tabaka hazipo au ni chache. Lenzi zinazong'aa nyekundu kama kioo cha kujitazamia ziache hapohapo: zinarudisha nje mwanga uliotakiwa kuingia.

Kisha toka mlangoni utazame ukingo wa paa la mbali. Isogeze darubini taratibu kutoka kwenye macho huku ukiendelea kutazama. Mstari wa paa ukiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, mirija haijalingana. Ubongo utajitahidi kuunganisha picha hizo mbili, na malipo yake ni kichwa kuuma kabla ya saa kwisha. Melini mtu atadhani ni kichefuchefu cha bahari.

Mwisho uliza kuhusu maji. "Inastahimili matone" haitoshi kwa sitaha. Tafuta IPX7, yaani inazama mita 1 kwa dakika 30 bila kuingiza maji, na iwe imejazwa gesi ya naitrojeni au agoni ili isishike ukungu ndani.

Ukishanunua, iweke kwa macho yako. Kunja bawaba hadi duara mbili ziwe moja. Funga lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama kitu cha mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka kiwe kikali. Hamishia kiganja upande wa kushoto, usiguse gurudumu, na sasa zungusha pete ya jicho la kulia peke yake. (Aina chache zina pete hiyo kushoto, hapo geuza mpango.) Kariri alama ya pete, kwa sababu ndani ya mkoba huhama yenyewe.

Safari iliyopita darubini yangu ilishika ukungu kila nilipotoka chumbani. Imeharibika?

Futa taratibu kwa kitambaa laini cha lenzi. Ukungu ukitoka, ulikuwa nje, na darubini ni nzima: imetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, ikakutana na hewa yenye joto na unyevu. Iache sehemu ya kivuli nje ya chumba dakika 20 hadi 30 kabla ya kuitumia. Kwenye nchi za baridi hali hugeuka, ukungu hushika unaporudi ndani, basi ifunge ndani ya mkoba ukiwa bado nje, na uuache mkoba umefungwa hadi upate joto la chumba. Ukungu usiofutika uko ndani. Gesi imetoka na hewa yenye unyevu imeingia. Hiyo ni kazi ya fundi.

Adui mkubwa zaidi ni chumvi. Rasharasha za bahari zikikauka huacha chembe ngumu, na anayezifuta kwa ncha ya shati anazisugua juu ya tabaka za lenzi. Kama darubini yako kweli haiingizi maji, kila jioni imiminie maji baridi yasiyo na chumvi, itikise, kisha ifute kwa kitambaa laini cha lenzi. Kama inaingiza, pulizia kwanza kwa kipulizi cha mpira, pitisha brashi laini, na kitambaa chenye unyevu kidogo kije mwisho.

Mwongozaji hutangaza "nyangumi!", wote wanashangilia, mimi naona maji matupu. Nakosea wapi?

Huenda unainua darubini mapema mno. Macho matupu ndiyo yanayotafuta. Darubini ni ya kuthibitisha.

Matangazo hutumia uso wa saa: 12 ni omo (mbele ya meli), 3 ni ubavu wa kulia ukiwa umeelekea omo, 6 ni tezi (nyuma), 9 ni kushoto. Geuza mwili wote upande huo, tafuta mtoko wa maji, yaani wingu jeupe linalosimama sekunde chache juu ya maji. Wa nyangumi-nundu huwa mfupi na mnene, kama mita 3. Wa nyangumi-buluu ni mnara mwembamba unaoweza kupita mita 9. Ukiuona, usiondoe macho pale. Leta darubini usoni, usipeleke uso kwenye darubini. Akizama, utabaki mduara wa maji laini. Tazama mbele yake, upande aliokuwa akielekea. Nyangumi-nundu mara nyingi hukaa chini dakika 5 hadi 15, kwa hiyo usikimbilie ubavu wa pili wa meli.

Jinsi unavyosimama ni nusu ya kazi. Tanua miguu, legeza magoti, bana viwiko mbavuni. Usiegemeze viwiko kwenye uzio wa chuma, kwani mtetemo wa injini hupanda moja kwa moja hadi kwenye picha, egemeza nyonga. Na usipande sitaha ya juu kabisa kwa tamaa ya kuona mbali. Macho yakiwa mita 10 juu ya maji, upeo uko kama kilomita 11, na huko hakuna utakachotambua kwa 8x. Sitaha ya chini, karibu na kati ya meli, huyumba kidogo zaidi.

Vipi zile za kubadili ukuzaji (zoom), mara 8 hadi 24?

Hapana. Uwanja wake ni mwembamba tangu kwenye 8x, sehemu zinazosogea ni nyingi hivyo mirija hupotea ulinganifu mapema, na kwenye 24x meli haitakuruhusu kuona lolote.

Tunakwenda Svalbard, visiwa vya Norwei vya kaskazini ya mbali, kutazama dubu barafu. Je, 8x itatosha?

Hapa tutalegeza kidogo. Tangu 1 Januari 2025 sheria ya Svalbard inataka watu wakae mita 300 au zaidi kutoka kwa dubu barafu, na kati ya 1 Machi na 30 Juni mita 500. Katika mita 500, 8x humleta kana kwamba yuko mita 62 mbele ya macho matupu. 10x humleta mita 50. Ndani ya hori na katikati ya barafu maji hutulia, na meli inayotazama dubu mara nyingi hupunguza mwendo au husimama, kwa hiyo mwenye mikono mitulivu achukue 10x42. Ijaribuni dukani mkiwa mmevaa glavu mtakazosafiri nazo: gurudumu lililo dogo au gumu halizunguki kwa kidole kilichofunikwa, na kwenye baridi grisi yake huzidi kuwa nzito.