Chemba ya oksijeni ilinirudishia miguu, lakini usiuze shamba bado

Mkuu, pole sana na mzee. Nimelisoma swali lako mara mbili: mzee ana kisukari, kidonda cha kisigino kina miezi mitatu hakifungi, na kuna kijana wa "kituo cha tiba" ameiambia familia iandae hela ya kumlaza kwenye chemba ya oksijeni mara arobaini, eti inatibu kisukari, kiharusi na hata kansa. Unauliza ni kweli au mnapigwa. Nitajibu kwa urefu kwa sababu mimi nimelala humo ndani, na ndimo nilimorudishiwa miguu. Si daktari. Nilikuwa mzamiaji.

Sisi vijana wa Sahare na Deep Sea hapa Tanga enzi hizo tulikuwa tunafuata majongoo bahari upande wa Pemba, kwa mitungi. (Najua, kuvua kwa mitungi kumekatazwa huku bara. Sijaja kujitetea.) Tajiri anatoa boti, mafuta na mitungi, wewe unatoa mapafu. Siku hiyo nilizama mara nne kwenye pima ishirini, na mtungi wa mwisho ukaniishia chini. Nikapanda kama kifuu kilichoachiwa majini. Nimekaa botini, nimewasha sigara, haijafika nusu, bega la kulia likaanza kuuma kama jino. Tulipofika pwani nikataka kuruka nishuke, miguu ikakataa.

Nyumbani wazee wakasema nimepigwa na shetani wa bahari. Sikuwabishia, mwenyewe niliamini. Nikanyweshwa kombe, nikafukizwa ubani, mama akanipaka mafuta ya nazi mwili mzima. Usiku mkojo ukagoma, tumbo likajaa kama ngoma. Asubuhi akaja shemeji yangu, nesi. Akaniambia nimtazame usoni, kisha akauliza, "Nimekuchoma wapi?" Sikujua hata kama amenichoma. Akageuka: "Mjomba, samahani sana, lakini huyu hana shetani. Huyu ana hewa kwenye uti wa mgongo."

Hiyo hewa iko hivi. Kila mita 10 za maji ya bahari zinakuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Pima ishirini ni kama mita 36, kwa hiyo mwili unabeba zaidi ya mara nne na nusu ya anaoubeba mtu aliyesimama ufukweni. Naitrojeni unayovuta inayeyuka kwenye damu na kwenye mafuta ya mwili. Ukipanda taratibu, kwa vituo, inatoka kwa pumzi. Ukipanda kwa pupa, ni kama kufungua dumu la tembo la mnazi lililotikiswa garini kutoka Muheza: povu. Povu likikaa kwenye kiungo ni maumivu, likikaa kwenye uti wa mgongo ni kupooza. Mwanasayansi wa Uingereza, Haldane, alishatoa jedwali la kupanda kwa vituo mwaka 1908, baada ya kuwajaribu mbuzi. Mbuzi wale walipandishwa kwa hesabu nzuri kuliko mimi.

Hospitali wakaniwekea barakoa ya oksijeni, dripu na mpira wa mkojo, wakasema chemba iko Unguja. Tajiri hapokei simu. Mjomba akauza mashine ya boti yake, Mungu amlipe. Tulikwenda kwa ndege ndogo na rubani akaombwa aruke chini chini, maana ukipaa mgandamizo unapungua na lile povu linazidi kutanuka. Mpaka nafika pale, zaidi ya saa ishirini zilikuwa zimeshapotea, na nyingi nilizipoteza nikinywa kombe.

Chemba yenyewe ni kama tangi la lori la mafuta, nyeupe, lina vidirisha vya duara. Kabla sijaingia, mhudumu akaninusa. "Umepakwa nini?" Nikasema mafuta ya nazi. Nilisuguliwa kwa sabuni mpaka kwenye mikunjo ya masikio, nikavuliwa kila kitu, nikavalishwa pamba tupu. Simu, kiberiti, hirizi niliyofungwa mkononi, vyote nje. Nilidhani ananidhalilisha. Kumbe oksijeni nyingi na mafuta ni moto unaosubiri cheche. Januari 2025 mtoto wa miaka 5 alikufa Michigan, Marekani, chemba ilipowaka moto akiwa ndani. Kwa hiyo ukienda mahali wakakuachia uingie na simu mfukoni, geuza.

Mlango ukafungwa. Hewa ikaanza kuingia kwa kelele, joto likapanda kama uko kwenye daladala saa nane mchana, masikio yakabana. Hilo nilikuwa nalijua: unabana pua, unasukuma pumzi, yanafunguka. Wakatushusha, mimi na mhudumu, mpaka mgandamizo wa mita 18, tukiwa tumekaa pakavu. Barakoa ya oksijeni tupu dakika 20, hewa ya kawaida dakika 5, tena oksijeni. Hizo dakika 5 si za kupumzika soga. Oksijeni kwenye mgandamizo huo nayo ni sumu, ikizidi mtu anaanguka degedege. Zoezi zima lilikaribia saa tano. Kwenye saa ya pili nikahisi siafu wanatembea kwenye unyayo wa kushoto. Nikalia kama mtoto, mhudumu akadhani naumwa. Nikarudishwa siku tano zilizofuata kwa muda mfupi zaidi. Mkojo ulirudi wenyewe siku ya tatu. Leo natembea, ila mguu wa kulia naukokota kidogo, na ngazi napanda kwa kushika ukuta. Hiyo ndiyo bei ya zile saa.

Sasa turudi kwa mzee. Mimi chemba ilinifaa kwa sababu ugonjwa wangu ulikuwa hewa yenyewe: mgandamizo ulilibana povu, oksijeni ikaifukuza naitrojeni. Kwa magonjwa mengine kazi yake ni moja tu, kuongeza oksijeni inayofika kwenye nyama. Kwa kawaida oksijeni inabebwa na chembe nyekundu. Kwenye maji ya damu inayeyuka kidogo mno, kama mililita 0.3 kwa kila mililita 100. Ukivuta oksijeni tupu kwenye mgandamizo mara tatu ya wa kawaida, inafika kama 6, kiasi ambacho mwili uliotulia unaweza kuishi nacho. Daktari Boerema wa Amsterdam alilionyesha hilo mwaka 1960 kwa nguruwe walioondolewa karibu chembe zote nyekundu, wakaendelea kuishi ndani ya chemba.

Ndiyo maana inatumika kwa aliyevuta moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Sumu ile inayong'ang'ania damu, kwa hewa ya kawaida nusu yake inachukua saa nne hadi tano kutoka. Ndani ya chemba ni chini ya nusu saa. Inatumika pia kwa kidonda kilichooza kwa vijidudu vinavyotoa gesi, pamoja na upasuaji na dawa, na kwa kiungo kilichopondwa, na kwa uziwi wa ghafla ukiwahi. Kansa? Kansa yenyewe haitibu. Inachosaidia ni majeraha yanayobaki baada ya mionzi, mfano mfupa wa taya uliokufa au kibofu kinachotoka damu. Nadhani hapo ndipo hao jamaa wanapolichukua neno "kansa" wakalibandika kwenye bango. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishawaonya watu kuhusu matangazo ya namna hiyo mwaka 2013.

Kisukari chenyewe pia haikitibu. Kidonda cha mguu cha kisukari ndicho kimo kwenye orodha inayokubalika, lakini kwa masharti: kiwe kimeingia ndani, kwenye mfupa au usaha, na kiwe kimetibiwa ipasavyo kwa mwezi mzima bila nafuu. Hata hapo majibu hayalingani. Utafiti wa Sweden wa 2010, wagonjwa 94, uliona vidonda vilivyopona ni asilimia 52 kwa waliopata oksijeni na 29 kwa waliowekewa hewa tu. Wa Uholanzi wa 2018, wagonjwa 120 wenye mishipa iliyoziba, haukuona tofauti ya maana katika kuokoa miguu. Mimi nausoma hivi: bomba likiwa limeziba, kuongeza nguvu ya pampu hakusaidii sana.

Kwa hiyo kabla ya hela yoyote kutoka, mpelekeni kliniki ya kisukari, hapo hospitali ya Bombo panatosha kuanzia. Ombeni apimwe kama damu inafika mguuni, apigwe picha ya mfupa wa kisigino, kidonda kisafishwe nyama iliyokufa, na asikanyagie kisigino hicho kabisa. Hili la mwisho wazee wetu ndilo linalowashinda, anakwenda msikitini mara tano na ndara ileile. Sukari yake usiku mnaijua? Mishipa ikionekana imeziba, omba rufaa ya Muhimbili kwanza.

Na huyo kijana muulize chemba yake ni ya chuma au ni turubai la kupuliza. Yale ya turubai yanafika mgandamizo kama mara 1.3 tu ya wa kawaida, wakati tiba hii inafanyika kati ya mara 2 na 3. Muulize daktari gani anakaa pale mgonjwa akiwa ndani, na kama wanapima sukari kabla ya kumfungia mtu, maana mgonjwa wa kisukari inaweza kumshuka humo ndani. Wapige picha ya kifua pia. Mwenye pafu lililotoboka haingii.

Majibu ya kipimo cha damu ya mguu yakitoka, yaweke hapa. Shemeji yangu bado yupo kazini, nitamsomea.