Mzee hakujibu swali langu, au ndivyo nilivyodhani

Ninyi mnaokwenda uwandani mara ya kwanza kukusanya simulizi, nianze na aibu yangu.

Nilikuwa Kilwa Kisiwani, mkekani, mzee akinisimulia jinsi Ali bin Hasan alivyokuja kutoka Shiraz, Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Nikamkatiza: "Lakini mzee, nguo zote hizo zingetoka wapi?" Akanyamaza. Akamimina kahawa, akapiga funda, ndipo akaniuliza: "Mjukuu wangu, kwenu binti huposwa mikono mitupu?"

Daftarini niliandika: hajajibu swali.

Ilinichukua mwaka mzima, nisiwafiche, kuona kwamba alijibu. Katika simulizi la mdomo la Kilwa, mwenyeji Mrimba alimwoza mgeni huyo binti yake. Nguo zile si hesabu ya mita. Zinadai kwamba kisiwa hakikuporwa, kililipiwa, na aliyetawala alitawala kwa haki. Zimo pia katika tarikhi ya Kiarabu ya Kilwa, zimo kwa Mreno João de Barros aliyechapisha habari hizo 1552. Jambo likivuka lugha tatu bila kuchakaa, ulizeni kwanza linamfanyia nani kazi gani. La kama lilitokea lina zamu yake.

Na zamu hiyo msiiruke. Wenzetu wengi walikuwa wepesi kusema Ushirazi, yaani dai la kuwa na asili ya Shiraz, ni majivuno tu ya watu wa pwani. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wa miji ya pwani: kwa wengi wao, damu ya Asia ilitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, na upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika, mchanganyiko ukianza karibu mwaka 1000. Mkwe wa ng'ambo na binti wa mwenyeji, basi. Vinasaba havimjui Ali wala Mrimba, na havijui nguo. Lakini mimi niliyekuwa na jibu tayari nilinywea.

Mkienda, chukueni betri za ziada, na kinasa sauti msikizime mpaka mmeaga. Mimi nilikizima mzee aliposhika birika, nikidhani tumepumzika. Swali lake halimo kwenye kanda, kwa hiyo nanyi mmelipokea kwangu kama simulizi.