Makubaliano ya kisheria na wadai au ushauri wa bure: tazama kwanza nani amesimama nyuma ya kila deni

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umeajiriwa hapa Nairobi, una mkopo wa benki, mkopo wa sacco uliodhaminiwa na wafanyakazi wenzako, na madeni kadhaa ya programu za simu, na kwamba kuna ofisi mjini inayotaka uilipe ada ili ikuingize katika makubaliano ya hiari na wadai wako chini ya Sheria ya Ufilisi. Nimepita njia inayokaribiana sana na hiyo. Jibu langu ni kwamba uende kwanza kwa mshauri asiyepata chochote kutokana na uamuzi utakaofanya, na sababu kubwa ni hao waliokudhamini.

Sheria yenyewe si mbaya. Sheria ya Ufilisi ya 2015 ilimpa mtu binafsi njia nyingine mbali na kutangazwa mufilisi. Katika makubaliano ya hiari, mtaalamu wa ufilisi mwenye idhini husimamia pendekezo lako la malipo, Mahakama Kuu inaweza kutoa amri ya muda ya kuwazuia wadai, na wadai wakilipitisha pendekezo kwa kura, linawafunga hata waliolipinga. Ipo pia amri ya malipo kwa awamu, ambayo huombwa kwa Mpokeaji Rasmi, yaani afisa wa serikali anayeshughulikia masuala ya ufilisi, na mtu ambaye madeni yake yasiyo na dhamana hayazidi kiwango kilichowekwa, na upo utaratibu wa mtu asiye na mali yoyote inayoweza kuuzwa. Ufilisi kamili huja mwisho, nao huondoka kwa kawaida baada ya miaka 3 tangu mdaiwa awasilishe taarifa ya hali yake ya mali na madeni.

Hata hivyo, kinga hiyo ni yako wewe. Mdai aliyeshika hati ya shamba au kitabu cha gari habanwi na makubaliano hayo bila ridhaa yake, na mufilisi anapofunguliwa kutoka katika madeni, mdhamini wake hafunguliwi pamoja naye. Hapa ndipo watu wengi wa mjini huumia, kwa kuwa mikopo yetu mikubwa hatukuipata kwa hati bali kwa sahihi za watu tunaokula nao chakula cha mchana. Ukiingia katika mpango wa kisheria na sacco ikapokea sehemu tu ya deni lake, salio litatafutwa katika akiba za wale waliokudhamini, na huenda nao wanazitegemea akiba hizo kuomba mikopo ya karo.

Mimi nilikuwa na wadhamini watatu, wote wa idara yangu. Wakili niliyemwona katika kliniki ya msaada wa kisheria hakuniuliza kwanza nina deni la shilingi ngapi. Aliniuliza, kwa kila deni, nani au nini kimesimama nyuma yake, kisha akagawa karatasi sehemu tatu: lililo na mali, lililo na mtu, na lililo na jina langu peke yake. Deni la sacco, ambalo mimi nilikuwa nimeliweka nyuma kwa sababu sacco haikuwa ikipiga simu za vitisho, lilihamia mbele kabisa. Nilikwenda kwa afisa wa mikopo na karatasi zangu za mshahara, nikaomba muda urefushwe, na nikawaeleza wadhamini wangu mwenyewe kabla hawajapata barua. Kamati ilikubali, makato yakapungua, na hakuna aliyeguswa akiba yake. Katika ombi hilo kilinisaidia kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachosema kwamba makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa hiyo hesabu zako zianze na theluthi unayobaki nayo.

Kwa upande wa benki, mshauri aliikagua barua ya madai na kunionyesha jambo ambalo ofisi za kulipisha nilizozitembelea hazikulitaja. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinasema kwamba mkopo ukishaacha kulipwa, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo wenyewe kilichokuwa kimebaki wakati huo. Madai niliyoletewa yalikuwa yamevuka kiwango hicho. Niliandika barua nikitaja kifungu hicho, benki ikafanya hesabu upya, na ndipo tukakubaliana awamu. Fikiria kama ningetia sahihi makubaliano ya miaka kadhaa juu ya ile hesabu ya kwanza.

Programu za simu ndizo zinazokunyima usingizi, lakini kwa kawaida deni lake halina nyuma yake ila jina lako. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kutisha, kutukana, au kuwapigia simu watu waliomo katika simu yako ili kukuaibisha. Hifadhi jumbe hizo na ulalamike Benki Kuu, na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ikiwa namba za jamaa zako zimetumiwa. Na yeyote anayekuahidi kukufutia jina CRB, yaani katika kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kwa ada, mkatae, kwa maana taarifa iliyo ya kweli haifutwi kwa malipo, nayo hubaki miaka 5 baada ya deni kulipwa.

Sasa kuhusu mahali pa kwenda. Ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Uingereza, ambako mashirika kama StepChange na Citizens Advice husaidia bila malipo. Kwetu msaada huo hupatikana kwa vipande. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeziweka kesi za kudai madeni na za ufilisi nje ya huduma ya serikali, jambo ambalo naliona kuwa kosa kubwa, kwa hiyo usitarajie wakili wa serikali. Jaribu kliniki za mashirika ya kiraia na za vyuo vikuu vyenye vitivo vya sheria, na wiki ya uhamasisho ya Chama cha Wanasheria inapofika, mawakili hushauri bure mahakamani. Maswali kuhusu taratibu za ufilisi zenyewe unaweza kuyapeleka moja kwa moja kwa ofisi ya Mpokeaji Rasmi, bila dalali wa katikati.

Ipo hali ambayo ningekuambia uchukue njia ya kisheria bila kusita: wadai wakiwa wengi, madeni hayana mdhamini wala mali, na mmoja au wawili wanakataa mpango ambao wengine wameukubali. Hapo nguvu ya kuwafunga wote inastahili gharama yake. Kabla ya kulipa, iulize ofisi hiyo nani hasa ndiye mtaalamu mwenye idhini, ada italipwaje wadai wakikataa pendekezo, na wadhamini wako wa sacco watakuwa wapi katika pendekezo hilo. Wakikwepa swali hilo la tatu, usitie sahihi.

Na kama tayari umeletewa hati ya kuitwa mahakamani, hilo litangulie yote. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, kwa hiyo wiki mbili za kusubiri ni nyingi. Fika, ukubali kiasi unachodaiwa kwa haki, pinga kilichozidi, kisha uombe kulipa kwa awamu ukiwa na karatasi zako za mshahara mkononi.