Kabla hujakalia gurudumu: niliyojifunza kwenye studio ya ufinyanzi ya pamoja

Nina mwaka na nusu sasa kwenye studio ya ufinyanzi, zile za kulipa ada halafu magurudumu ya kuzungushia udongo, shelfu na tanuri mnatumia wote, na kila akija mtu mpya namuona anafanya kilekile nilichofanya mimi, anazipita meza zote anaenda kukaa kwenye gurudumu. Simlaumu, gurudumu ndo linavuta macho. Ila vyombo vyangu vingi vya mwanzo havikufia pale, vilifia kwenye kukanda, kwenye kukausha na kwenye tanuri, na huko ndo hakuna mtu alonikalisha chini akanieleza, kwahiyo nakueleza wewe.

Anza na kukanda. Udongo unaukanda ili hewa itoke na ulaini uwe sawa kote, sasa watu wengi wanaukunja na kuukunja mpaka wanafungia hewa ndani badala ya kuitoa. Usukume kwa kisigino cha kiganja, urudishe, uzungushe kidogo, sukuma tena, kama mara 50 hivi. Ukimaliza kata donge katikati kwa waya uangalie uso wake, ukiona vitundu au sehemu ngumu na sehemu laini rudi mezani, usijidanganye kwamba gurudumu litarekebisha, halirekebishi kitu.

Kwenye gurudumu lenyewe kinachosumbua ni kuuweka udongo katikati. Mimi ilinichukua wiki nyingi na sababu ilikua moja tu, nlikua natumia nguvu za mikono. Gandisha viwiko kwenye mapaja au ubavuni, inama, uzito wa mwili ndo usukume, mikono ikae tuli udongo uifuate yenyewe. Gurudumu liende kasi wakati wa kuweka katikati, ukianza kupandisha kuta punguza. Na maji kidogo jamani, maji mengi yanaulegeza udongo mpaka ukuta unakaa chini wenyewe.

Halafu hivyo vikombe vya mwanzo usivitunze. Najua inauma, lakini kila ukitoa kimoja kipasue katikati kwa waya kutoka mdomoni mpaka chini uone ukuta wake. Mimi nilivyopasua cha kwanza niliona juu nyembamba kama ganda la yai na chini unene wa kidole, na nikaelewa kwa sekunde moja kitu ambacho mwalimu alikua ananiambia mwezi mzima. Nilipasua kama 30 hivi kabla sijabakisha hata kimoja, na udongo haupotei, unarudi kwenye ndoo unakandwa tena.

Sasa kukausha, hapa nataka unisikilize vizuri. Mdomo wa chombo unakauka kabla ya kitako, na sehemu ikikauka inasinyaa, kwahiyo upande mmoja unavuta mwingine umekataa, ufa unatokea. Funika na mfuko wa plastiki, mdomo ukishashika ugumu kidogo kigeuze kichwa chini, kipe siku kadhaa. Kishikio cha kikombe kibandike wakati mwili bado una ubaridi na ugumu kama wa ngozi, kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, bana, na kishikio na mwili viwe na unyevu unaofanana. Ule msemo wa udongo upate ungali maji kwa sisi wafinyanzi ni kazi ya kila siku kabisa, manake ukichelewa siku moja tu kishikio kitang'oka kwenye kukauka.

Na kuna siku niliweka kikombe kwenye shelfu ya kwenda kuchomwa, kitako kinene, kwa nje kimeshakua cheupe nikajua kimekauka. Kilipasukia ndani ya tanuri. Watu wanasema ni hewa, ila hasa ni maji, yakipita nyuzi joto 100 yanakua mvuke na mvuke ukikosa njia unavunja ukuta. Vipande vyangu vilirukia bakuli la dada mmoja aliyekua ameshughulika nalo wiki 3, mdomo ukamegeka. Nilimwomba radhi, akanipokea vizuri tu, lakini ile sura yake akiwa ameshika bakuli ninayo mpaka leo. Tangu hapo chombo nakiweka shavuni kabla ya kukipeleka, nikisikia ubaridi bado kina maji, kinarudi kwenye shelfu yangu. Kwenye tanuri ya pamoja uzembe wako unalipwa na mwenzako.

Kwahiyo pia usimsumbue anayechoma. Mchomo wa kwanza unafika kama nyuzi 1000 na njiani karibu na 573 ile kwatzi, madini yaliyomo kwenye udongo, inabadilika ghafla na kutanuka, wakati wa kupoa inasinyaa tena palepale, ndo maana hakimbizi moto na hafungui mlango mapema.

Baada ya mchomo huo ni glezi, ile ya maji maji ambayo kwenye mchomo wa pili inayeyuka ikawa kioo, ikoroge mpaka unga ulioganda chini ya ndoo uinuke wote, chovya, hesabu mpaka 3, toa. Kitako kifute kwa sponji yenye maji na pembeni acha kama nusu sentimita bila glezi, vinginevyo itatiririka igandane na shelfu ya tanuri na shelfu ile ni ya wote. Ah na kikombe kifanye kikubwa kuliko unachotaka, udongo mwingi unasinyaa asilimia 10 mpaka 13 hivi mpaka umalize michomo yote.

Usafi: usifagie vumbi kavu hata siku moja. Vumbi la udongo lina silika, madini kama ya mchanga, na ukilivuta miaka na miaka linaharibu mapafu, futa kwa sponji mbichi. Mikono na vyombo suuza kwenye ndoo kwanza, sinki ikizibwa na udongo ni kazi kubwa.

Na chombo kikitoka na ufa usikitupe kwa hasira, kigeuze kwanza. Ufa wa kitako wenye umbo la herufi S mara nyingi unakwambia hukukandamiza kitako vya kutosha ulipokua unafungua udongo, yaani kulitoboa donge katikati, pitisha vidole kutoka ukingoni kwenda katikati mara 3 au 4 wakati mwingine. Ufa wa mdomoni, kimekauka haraka. Ufa kwenye kishikio, ulikwaruza kidogo au ulichelewa. Mimi vigae vyangu nimeviweka kwenye kasha chini ya shelfu, na kabla ya kuanza chombo kipya huwa nachukua kimoja nakiangalia.