Tandiko linamfika kiunoni farasi wangu, ninunue saizi gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu, naomba unisaidie manake nimechoka. Nina farasi jike, mgongo mfupi afu mpana hasa, ukimwangalia kwa juu ni duara. Mi mwenyewe ni mrefu, mapaja marefu, kwa hiyo natumia tandiko la inchi 18, la 17 linanibana. Shida ni kwamba kwa nyuma linamfika kiunoni, nikianza kutembea linasogea mabegani, na nikipanda kutoka chini linageukia upande. Mwenzangu wa bandani akanishauri niweke pedi mbili nene, nimeweka na sasa linageuka zaidi. Siku hizi nikimgusa kiunoni anashusha mgongo, na akiona tandiko tu analaza masikio nyuma. Ninunue saizi gani?

JIBU: Marahaba. Kabla ya saizi, toa hizo pedi leo hii na umpumzishe asipandwe kabisa, daktari wa mifugo amkague mgongo. Farasi anayeshusha mgongo akiguswa na kulaza masikio akiona tandiko si mkorofi, anakwambia anaumia, na ukimpima mgongo ukiwa umevimba au misuli imekauka utanunua tandiko la mgongo mgonjwa, akipona tena halimfai.

Sasa hiyo inchi 18. Hiyo namba ni ya makalio yako wewe, inapimwa kwa juu pale unapokaa, kutoka kwenye kile kijipini cha mbele pembeni hadi katikati ya kiegemeo cha nyuma. Haimsemi farasi hata kidogo! Unaweza kukuta matandiko mawili yote ya 17.5 lakini mito ya chini, ile inayogusa mgongo, ya moja imeenda nyuma sana na ya jingine imekatwa fupi. Kwa hiyo dukani usiulize saizi kwanza, ligeuze tandiko uangalie chini.

Na nafasi aliyonayo farasi wako unaipima mwenyewe kwa chaki. Mbele, papasa ukingo wa nyuma wa mfupa wa bega, weka alama, halafu mtu amnyanyue mguu wa mbele na kuuvuta mbele taratibu, utaona ule mfupa unarudi nyuma chini ya mkono wako, ndo maana tandiko likikaa juu yake kila hatua inamgonga. Nyuma, tafuta mfupa wa mwisho wa mbavu pembeni mwake karibu na tumbo, ufuate kwa vidole unavyopanda hadi mgongoni, weka alama nyingine. Farasi wengi wana jozi 18 za mbavu, baadhi ya wale wa Kiarabu wana 17. Mgongo wenye mbavu chini yake ndo unaobeba mzigo, ukishapita hapo ni kiuno na hakuna mbavu za kukishikilia. Kati ya alama hizo mbili ndo kiwanja chako, uzito wako wote ukae humo, hata kama duka zima lina matandiko mazuri ya kukuvutia.

Wewe mwenye mapaja marefu usikate tamaa. Tafuta lenye kikalio kisicho na shimo kubwa, hicho kinakupa nafasi kuliko kile chenye kina kirefu cha namba hiyohiyo, na ngozi za pembeni zilizokatwa kwenda mbele kidogo ili goti lipate pa kukaa. Mito ya nyuma iwe imepinda kwenda juu badala ya kunyooka na kulala kiunoni. Ukipanda kwa mtindo wa Kimarekani wa wachunga ng'ombe basi chukua lenye ngozi ya chini fupi iliyoviringwa, lakini hakikisha na fremu ya ndani, ile mifupa migumu ya tandiko, ni fupi, manake ngozi fupi juu ya fremu ndefu haijasaidia kitu.

Kugeuka kwa pembeni, nashuku fremu ni nyembamba. Fremu ikimbana farasi mpana inanyanyuka mbele, haishuki ikamkumbatia, inakaa juujuu na kuyumba, ukiongeza pedi ndo unazidi kubana na kuinua. Ila usikimbilie tu lililoandikwa pana, angalia umbo la upinde wa mbele, farasi wa duara anataka upinde wa mviringo, ule wenye ncha kama paa unambana juu hata ukiwa mpana. Na likizidi upana linamwangukia kwenye mfupa ulioinuka pale shingo inapoishia. Lijaribu bila pedi wala mkanda wa tumboni: bonyeza mbele, bonyeza nyuma, likicheza kama bembea fremu imepinda kuliko mgongo wake, na mkono ukipita chini ya mito ukakuta katikati kuna uwazi, linabeba mbele na nyuma tu. Mfereji wa katikati ya mito upitishe vidole vitatu au vinne vya mkono mzima kutoka mbele hadi nyuma, usiwe mpana mbele tu.

La kusogea mabegani mara nyingi ni mkanda. Mkanda hukimbilia pale kifua kinapokuwa chembamba nyuma ya viwiko, na kwa farasi kama huyu pako mbele sana, hivo unavuta tandiko zima. Kuna mikanda iliyopinda kwa ajili hiyo, tafuta. Kuukaza zaidi hakusaidii, unamnyima pumzi tu.

Daktari akishamruhusu, chukua waya laini unaopindika, ulaze nyuma kidogo ya bega, ufinyange ufuate mwili, uuhamishie kwenye kadibodi uchore, ukate. Fanya hivo na katikati ya mgongo na pale kwenye ubavu wa mwisho. Nenda na hizo kadibodi tatu kwa fundi, na uchore upya kila akinenepa au akikonda. Nitumie picha zake akiwa hana tandiko, moja ya ubavuni amesimama sawasawa na moja ya nyuma kwa juu, nione kama bega moja limezidi jingine, manake umesema linageuka lakini hukusema kama ni upande uleule kila siku.